Mama anayefuta neno "chuma"

Sumbawanga. Ni saa moja kasorobo asubuhi na maji ya bomba yanauma mikono kama siafu. Benchi la wagonjwa bado ni tupu katika kliniki ndogo ya meno, hapa katikati ya mji. Ndani, Bertilla Kasokola ameshavaa aproni juu ya sweta mbili, ameshapiga ishara ya msalaba, na ameshika kalamu ya bluu.

Hafagii wala haoshi. Anafuta neno.

Mbele yake kuna rundo la karatasi za maelekezo wanazopewa wagonjwa. Anachukua moja, anatafuta mstari wa nne, anapitisha kalamu mara mbili juu ya neno "chuma" na juu yake anaandika "jino". Anaiweka kulia. Anachukua nyingine.

"Hii ni ya mia mbili na sita," anasema bila kuinua macho. "Mpya zimeagizwa Mbeya, lakini Daktari anasema za zamani zisitupwe. Haya, hatutupi. Mkono wangu ndio mashine ya kuchapa."

Mstari wenyewe unasomeka hivi: "Safisha chuma kila siku." Maneno manne tu. Mtu mwingine angeyapita bila kugutuka. Bertilla hawezi kuyasoma bila kuguna.

"Wewe umesoma, hebu nijibu," anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Ukimwambia mwanamke wa Ufipa asafishe chuma, atashika nini?"

Jibu analitoa mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyelitoa mara nyingi.

"Stilwaya na majivu. Na atasugua mpaka ajione uso."

Kazi aliyoajiriwa si ya kalamu. Bertilla, mwenye umri wa miaka 53, mjane na mama wa watoto watatu, ni msafisha vifaa. Kwa miaka kumi na mmoja sasa, koleo, vioo vidogo na vikwangulio zaidi ya mia moja hupita mikononi mwake kila siku. Anaviloweka, anavisugua kwa brashi, anavisuuza, anavifungasha na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Ana elimu ya darasa la saba, mshahara wa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, na safari ya saa nzima kwa miguu kutoka Kasense, iwe baridi ya Julai au matope ya Machi.

"Watu wanadhani naosha vijiko," anasema. "Kijiko ukikosea, mtu atakula na harufu ya samaki. Hiki ukikosea, umempelekea ugonjwa wa mwenzake."

Juu ya sinki kuna trei mbili. Ya kushoto ina vikwangulio vya chuma. Ya kulia ina vichache vya plastiki, na mpini wa trei hiyo umefungwa kitambaa chekundu. Hivyo ni vya wagonjwa wenye kile ambacho mji mzima unakiita jino la skrubu.

"Nilisema kwa mdomo miezi miwili: jamani, msichanganye," anasema. "Mdomo haukusaidia. Nikafunga kitambaa."

Jino la skrubu lilianza kuwekwa hapa miaka minne iliyopita. Daktari Elia, mwenye kliniki, huchimbia kwenye taya skrubu fupi ya metali iitwayo titani na kuiacha miezi kadhaa mpaka mfupa uishike. Wakati wa kusubiri, kifuniko kidogo cha titani hiyohiyo huchungulia kwenye fizi kama kichwa cha msumari. Mfupa ukishashika, kifuniko hutolewa na jino jeupe linafungwa mahali pake.

Daktari anaeleza kwamba ile sehemu inayoingia mfupani hutengenezwa ikiwa na mikwaruzo kwa makusudi. Shingo ya skrubu na kifuniko hung'arishwa mpaka viteleze, ili ukoga usipate pa kung'ang'ania.

Bertilla anaeleza kwa njia nyingine, na wagonjwa wengi hukiri kwamba walimwelewa yeye.

"Bibi yangu alikuwa na jiwe la kusagia ulezi," anasimulia. "Jiwe likichakaa linakuwa laini, ulezi unateleza tu, hausagiki. Basi bibi analigonga kwa jiwe gumu, ko, ko, ko, mpaka lipate meno. Jiwe lenye meno linashika. Lakini unga wa siku hiyo ya kwanza haukuliwa. Ulikuwa wa kuku. Maana jiwe lililogongwa leo linatoa mchanga, na mchanga unaingia kwenye ugali."

Anaweka kalamu chini ili mikono yote miwili ipate kuongea.

"Skrubu ni hivyohivyo. Huku chini iwe na meno, mfupa uishike. Huku juu iwe laini, isishike kitu, isitoe kitu. Sasa watu wangu hawa wameichukua ile ya juu wakaigonga meno wenyewe! Halafu wanashangaa ugali una mchanga."

Yote haya yalianza na Monika.

Monika, mwenye miaka 47, ni mkulima wa mahindi na ulezi huko Kasense. Yeye na Bertilla wanasali jumuiya moja. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa msomaji wa masomo kanisani, mwenye sauti ya kufika mpaka mlango wa nyuma bila kipaza sauti. Mwaka juzi ng'ombe wa kulimia alitikisa kichwa wakati anafungwa nira, pembe ikamgonga Monika mdomoni. Jino la mbele likabaki shambani.

Dominika iliyofuata alisimama kusoma kama kawaida. Kila penye herufi S, upepo ukapita kwenye pengo na kupiga mluzi. Watoto wa benchi la mbele walianza kuhesabu kwa vidole. Walipofika kumi na saba, mmoja alicheka. Monika akamaliza somo, akafunga kitabu, akaenda kukaa nyuma. Tangu siku hiyo hajasoma.

"Hakusema neno," anakumbuka Bertilla. "Monika akinyamaza ujue ameumia, kwa sababu kunyamaza si kazi yake."

Januari mwaka huu, Monika aliwekewa skrubu. Daktari Elia alimwambia mbele ya mumewe kwamba mfupa wa mahali pale umebaki mwembamba. Skrubu hii ikishika, vizuri. Ikilegea, mfupa hautakubali nyingine. Alipewa karatasi ya maelekezo, akaikunja vizuri, akaitia kwenye kitabu chake cha sala.

Baada ya wiki saba alirudi kuangaliwa. Alisukutua, akatema, akafutwa mdomo kwa pamba, akaenda zake. Bertilla akaingia kusafisha.

Kwenye pamba kulikuwa na doa. Halikuwa damu wala chakula. Lilikuwa la kijivu, jembamba, kama mtu aliyegusa kwa penseli. Bertilla alilisugua kwa kidole chenye glovu.

"Nilisikia unga," anasema. "Ule unga wa kuku."

Akaenda nalo mpaka ofisini.

"Daktari, hili jiwe linatoa unga."

"Jiwe gani tena, Mama?"

"La Monika."

Daktari Elia alitazama, akatabasamu. Akasema itakuwa ni dawa ya meno ya mkaa, ile inayouzwa stendi, siku hizi kila mtu anaitumia. Alimpigia Monika simu palepale, akaweka sauti ya nje.

"Mkaa mdomoni, mimi?" sauti ya Monika ilijaa chumba. "Mkaa ni wa kupikia, Daktari."

"Basi sawa, mama. Endelea kusafisha. Ongeza bidii."

Bertilla anafumba macho akilikumbuka hilo.

"Ongeza bidii! Nilikuwa nimeshika ndoo, nusura niimwage. Mtu unamwonyesha moshi, anakwambia ongeza kuni."

Angeweza kuliacha hapo. Daktari ameongea, msafishaji anarudi sinki. Lakini Bertilla ana sababu yake ya kutopuuza vumbi, na sababu hiyo ina jina.

Mumewe, Wilibrodi, alikuwa dereva wa lori la mpunga kati ya Mtowisa na mjini. Alipenda kulichungulia lori mwenyewe, akiinama kwenye magurudumu kila asubuhi. Jioni alirudi na suruali yenye vumbi jeusi magotini, vumbi laini lililogoma kutoka kwa sabuni. Lilikuwa la breki. Fundi alikuwa amesema bado zinashika. Mwaka 2013, kwenye mteremko wa kushukia bondeni, hazikushika.

"Niliifua ile suruali miezi mitatu," anasema Bertilla. "Chuma kilikuwa kinasema, mimi nikawa nakifua."

Anafuta "chuma" kwenye karatasi mbili, tatu, kabla ya kuendelea.

Jumamosi ya wiki ileile, baada ya sala ya jumuiya, aliomba maji ya kunywa nyumbani kwa Monika. Maji yalikuwa kisingizio. Alitaka kuona mahali pa kupigia mswaki.

"Monika, kile kifuniko unakisafisha?"

"Kama mlivyoniandikia. Nyie mmeandika kila siku, mimi nasafisha mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Si kisishike kutu?"

"Nauliza kwa kitu gani!"

"Aa. Kwa stilwaya."

Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, kipande kipya, kimekatwa kwa mkasi kikawa na ukubwa wa sarafu. Chini yake kulikuwa na kopo la majivu.

"Na majivu ameyachekecha kwa kitambaa!" Bertilla anapiga meza. "Hata unga wa uji wa mtoto mchanga hauchekechwi hivyo. Mtu anajiharibu kwa nidhamu ya ajabu. Ningemkuta mvivu ningefurahi."

Ukutani nyuma ya Monika sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa kuliko siku zilipotoka dukani.

"Nyumbani kwangu hakuna chuma kichafu, Mama Valerian," alisema Monika, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Titani haishiki kutu, Monika."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Mbona hakuandika?"

Bertilla alikitungua kile kipande kutoka kwenye msumari, akakitia mkobani.

Jumatatu aliweka vitu viwili juu ya meza ya Daktari Elia: kile kipande cha stilwaya, na ile pamba aliyokuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Safari hii daktari hakutabasamu. Monika alipigiwa simu, akafika kabla ya saa sita.

Kifuniko kilipofunguliwa na kutazamwa kwa kioo cha kukuza, kilikuwa na michirizi kama sahani ya bati ya miaka ishirini. Daktari alimwita Bertilla atazame naye. Michirizi miwili ilikuwa imeshuka mpaka kwenye shingo ya skrubu yenyewe. Fizi iliyoizunguka ilikuwa imevimba, na ndani yake kulikuwa na pete ya kijivu.

"Ule ukijivu ni chembechembe za titani," anaeleza Daktari Elia. "Ukichubua uso laini, chembe zinatoka na kujikita kwenye fizi. Papo hapo umeufungulia ukoga mlango, kwa sababu sasa umepata pa kushika. Fizi inavimba. Uvimbe ukikaa, mfupa unaanza kurudi nyuma."

Picha ya mionzi ilionyesha mfupa wa Monika umesharudi nyuma kama milimita moja. Daktari alisafisha kwa vifaa vya trei ya kitambaa chekundu, akailainisha ile shingo, akafunga kifuniko kipya. Kisha akasema wasubiri mpaka Julai. Mfupa ukiendelea kurudi, anaitoa skrubu. Akiitoa, hairudishi.

Kuhusu karatasi, daktari hajifichi.

"Chuoni tulifundishwa kwamba kifaa cha chuma cha pua kinaichubua titani. Nikajihadhari na vifaa vyangu. Jikoni kwa watu sikuwahi kufikiria. Mimi niliandika chuma kwa sababu ndicho wanachokiona mdomoni. Mama ndiye aliyejua wanakisomaje."

Bertilla akaomba orodha ya wote wenye skrubu. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwapigia mmoja mmoja kwa simu ya kliniki, swali likiwa lilelile, ila sasa alikuwa makini kusema "kwa kitu gani". Sita walikuwa wanasugua. Mmoja wa Namanyere alitumia mchanga wa mtoni, na akaomba asifiwe kwa kuuosha kwanza.

Ila aliyemchosha zaidi ni Mzee Mwinjuma, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyekuja mwenyewe kujitetea.

"Dada Bertilla, mimi usinichanganye na hao wa stilwaya," alisema akiwa ameketi kwenye benchi, mkono kifuani. "Stilwaya ni ya sufuria. Mimi natumia msasa."

"Msasa, mzee wangu?"

"Msasa laini! Namba elfu mbili, ule wa kumalizia rangi ya gari. Ninauza mwenyewe dukani."

"Alikuwa anajisifu," anasema Bertilla, na mpaka leo sauti inampanda. "Miaka sitini na miwili, ameenda Hija, anajipiga msasa mdomoni na anataka nimwambie hongera."

Mwinjuma, aliyekutwa dukani kwake, hakatai.

"Yule mama ameniharibia biashara," anacheka. "Sasa nikimuuzia mtu stilwaya namuuliza kwanza: ni ya sufuria au ya jino?" Anainua mdomo wa juu kuonyesha jino lake. "Limeshika mpaka leo. Yeye ndiye aliyeliokoa, lakini usimwambie nimesema."

Wagumu kuliko wote ni wale wanaoelewa haraka. Monika alipewa brashi laini. Baada ya wiki mbili nywele za brashi zilikuwa zimelala chini kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe.

"Nikamwambia, Monika, futa, usisugue. Akanijibu, kufuta ni kwa vumbi. Nikamwambia, basi hilo ni vumbi. Akasema, nyumbani kwangu hakuna vumbi."

Tangu hapo Bertilla akawa anapitia kwa Monika kila jioni akirudi kazini. Anasimama mlangoni na mkoba wake, anatazama anavyopiga mswaki, anasema "polepole", anaondoka. Miezi mitatu na nusu. Alimwekea na novena, sala ya siku tisa. Siku moja, anasema, alishtuka katikati ya rozari akagundua kwamba kwa fungu zima alikuwa anawaza stilwaya.

"Mungu anisamehe. Lakini na Yeye anamjua Monika."

Leo ndiyo siku yenyewe ya Julai, ya kuutazama mfupa. Saa tatu kasoro dakika tano Monika anaingia, koti zito juu ya kitenge, kilemba kimefungwa kama cha Dominika. Anapoongea anaweka kiganja mdomoni. Ni tabia ya miaka miwili.

"Mama Valerian, bado unafuta? Siku hizi umekuwa karani?"

"Nimekuwa karani kwa ajili yako. Asubuhi umepiga mswaki?"

"Nimefuta."

"Kwa mkono gani?"

"Kushoto. Kulia kuna nguvu mno, wewe mwenyewe ulisema."

Bertilla anataka kutafuta kosa, hapati. Anaguna tu.

Monika anaitwa. Mlango unafungwa. Bertilla anarudi kwenye sinki na kuanza kusuuza vifaa ambavyo tayari amevisuuza. Midomo inacheza bila sauti. Mashine ya mvuke inapiga filimbi ya kumaliza, naye hageuki.

Inapita robo saa. Daktari Elia anafungua mlango na kumwita kwa kichwa.

Kwenye kioo cha kompyuta kuna picha mbili, ya Machi na ya leo. Daktari anapitisha ncha ya kalamu kwenye ukingo wa mfupa, kwanza katika ile, kisha katika hii.

"Haujarudi mahali pake," anasema. "Ile milimita imeondoka moja kwa moja. Lakini haujasogea tena hata kidogo. Umesimama palepale."

"Umeshika?" anauliza Bertilla.

"Umeshika, Mama. Leo naweka jino."

Kwenye kiti Monika anatazama dari, na machozi yanamteremka kuelekea masikioni. Bertilla anachukua pamba, anamkaushia.

"Unafuta au unasugua?" anauliza Monika kwa mdomo ulio wazi.

"Nyamaza, Daktari afanye kazi."

Kuweka jino kunachukua chini ya saa moja. Wakati huo kijana wa basi anashusha boksi mlangoni: karatasi mpya kutoka Mbeya, mia tano, kwenye karatasi nene inayong'aa. Daktari Elia, akiwa bado na glovu, anatoka kuzionyesha mwenyewe.

"Mama, nimekubadilishia. Soma mstari wa nne."

Bertilla anavaa miwani. Anasoma kimya. Anarudia. Kisha anasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Safisha jino kila siku mpaka ling'ae."

"Si umetaka jino? Hilo hapo, jino."

"Nimeliona jino. Na hii mpaka ling'ae imetoka wapi?"

Daktari anakuna shingo. Mchapaji, anasema, aliona sentensi ni fupi, haijazi mstari, akaomba iongezewe kidogo.

"Ikajaza mstari," anasema Bertilla.

"Ikajaza, ndiyo."

"Daktari. Umewaambia Wafipa ling'ae." Anavua miwani. "Ling'ae! Mzee Mwinjuma akiisoma hii, kesho yuko kwenye msasa."

Daktari anaitazama karatasi. Analitazama boksi. Halafu anarudi ndani akinong'ona kwamba mia tano haziwezi kutupwa.

"Hatutupi," Bertilla anajibu mlango. "Tumezoea."

Ana mpango ambao haumhitaji mchapaji. Dominika ya tatu ya mwezi huu ni Misa ya shukrani ya mavuno parokiani kwao. Ameomba kwa paroko dakika tano baada ya matangazo, na amekubaliwa. Hatapeleka karatasi. Lile jiwe la bibi yake bado lipo uani Kasense, na amemwomba mwanawe alipakie kwenye baiskeli. Ataligonga meno asubuhi ya siku hiyo, atasagia kiganja kimoja cha ulezi, na kila mama atakayetoka kanisani ataonja unga huo kwa ncha ya ulimi.

"Wauonje mchanga kwa meno yao," anasema. "Halafu ndiyo niwaeleze habari ya skrubu. Si lazima uwe na jino la skrubu. Una dada, una shemeji, siku moja ataambiwa asafishe."

Anachokitamani kwa siku hiyo, hata hivyo, kiko mapema zaidi katika Misa, kwenye somo la kwanza. Zamu ya kusoma ni ya jumuiya yao, na mahali pa jina la msomaji bado ni wazi. Hajamwambia Monika. Anasema hataki kumsukuma.

Monika anatoka. Kwa mazoea kiganja kinaenda mdomoni, kinafika kidevuni, kinasita, kinashuka. Jino lipo. Ukitafuta huoni ni lipi.

"Haya," anasema Bertilla bila kusimama, "usinisimamie. Chukua kalamu, ukae. Kwa ajili yako nimeharibu miwani."

Monika anaketi. Kwenye karatasi ya kwanza kutoka boksini Bertilla amekata "mpaka ling'ae" na kuandika maneno mengine, kwa herufi kubwa za darasa la saba. Anaisogeza mbele ya mwenzake.

"Hiyo ndiyo ya kunakili. Soma kwanza, nione kama inasomeka."

"Inasomeka, naiona."

"Kwa sauti."

Monika anainyanyua karatasi, ananyoosha mgongo, anaishika mbali kidogo na macho jinsi alivyokuwa akikishika kile kitabu.

"Safisha jino kila siku kwa kufuta," anasoma. "Usisugue."

Bertilla ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza bomba lililokuwa likivuja. Benchi zima la wagonjwa limegeuka, kwa sababu sauti imefika mpaka mlango wa nje. Hakuna mluzi.

"Rudia," anasema Bertilla.

Monika anarudia.

Bertilla anavaa miwani, anachukua karatasi yake, anashusha kalamu kwenye mstari wa nne.

"Sawa. Na Dominika ya tatu unasoma wewe. Sasa andika, zimebaki mia nne tisini na tisa."